Nani akae katikati? Siasa za mafuta kati ya Kenya na Uganda

Mapema Novemba 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa taarifa kwenye mtandao wa X iliyowashtua wafanyabiashara wa mafuta kutoka Mombasa hadi Kigali. Alisema Waganda wamekuwa wakinunua petroli na dizeli kupitia madalali walioko Kenya, kwamba yeye mwenyewe hakuwa na habari, na kwamba mchezo huo sasa basi. Akaweka na hesabu mezani. Juu ya bei ya soko la dunia kuna nyongeza inayolipia meli, bima na faida ya muuzaji. Kwa dizeli, dalali alikuwa akitoza dola 118 kwa tani, wakati msambazaji mkubwa angeridhika na dola 83. Kwa petroli ilikuwa dola 97.5 dhidi ya 61.5.

Kwamba mtu aliyeko Ikulu tangu 1986 hakujua nchi yake inanunua wapi mafuta yake, hilo tuliache. Linalotuhusu ni dawa aliyoichagua: Shirika la Taifa la Mafuta la Uganda, UNOC, lipewe peke yake haki ya kuagiza mafuta yote ya nchi, na muuzaji wake awe mmoja tu, kampuni ya Vitol Bahrain, kwa miaka mitano. Waziri wa Nishati, Ruth Nankabirwa, akaupeleka muswada bungeni, ukapita haraka. Nairobi ikakasirika. Kwa miezi minne iliyofuata tukasoma vichwa vya habari kana kwamba majirani wawili wanapigania mafuta.

Hawakuwa wanapigania mafuta. Mafuta hayakukatika hata wiki moja. Kilichogombaniwa ni nafasi ya katikati: nani anunue mafuta kutoka Ghuba, nani ashike hati za benki, na nani abaki na dola chache za kila tani zinapopita mkononi mwake.

Ili kuelewa kwa nini Nairobi ilikasirika kiasi kile, turudi Machi 2023. Kenya ilikuwa na ukame wa dola. Benki ziligawa dola kidogo kidogo, waagizaji walipanga foleni, na shilingi ilikuwa ikiteremka; ilianza mwaka huo ikiwa kwenye 123 kwa dola, na kufikia Januari 2024 ilikuwa imegusa 160. Mafuta ndiyo yanayomeza dola nyingi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo Serikali ya Rais William Ruto ikauweka kando utaratibu wa zabuni ya wazi, ule ambao makampuni yalishindana kila mwezi na mwenye bei ya chini akaagiza kwa niaba ya wote. Badala yake ikaingia makubaliano na makampuni matatu ya Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai. Mafuta yaje sasa, fedha zilipwe baada ya siku 180. Upande wa Kenya makampuni machache yaliteuliwa kuyapokea na kuyauza kwa wengine.

Mkopo wa miezi sita unaipa shilingi nafasi ya kupumua, lakini haufuti deni. Siku ya kulipa inafika, na lazima kuwe na mtu anayeleta dola. Hapo ndipo Uganda ilipokuwa na thamani kubwa. Takriban asilimia 90 ya mafuta yake hupitia Mombasa, na mafuta ya kupita, yaani yanayovuka Kenya kwenda nchi jirani, hulipiwa kwa dola, siyo kwa shilingi ya Kenya. Hakuna mteja wa mafuta ya kupita aliyeishinda Uganda kwa ukubwa. Uganda ikijitoa, kiasi kilichoahidiwa kununuliwa Ghuba kinabaki mabegani mwa Wakenya peke yao, na chemchemi mojawapo ya dola inakauka. Hakuna waziri aliyesimama jukwaani kulieleza jambo hili hivyo. Walizungumzia sheria, taratibu na udugu wa Afrika Mashariki.

Tuifuate lita moja safarini, maana siasa hizi zote zimejengwa juu ya njia yake. Meli inafunga gati Kipevu, bandarini Mombasa. Mafuta yanaingia kwenye matangi, kisha yanasukumwa na bomba la Kampuni ya Bomba la Kenya hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Eldoret au Kisumu. Bomba linaishia hapo. Mazungumzo ya kulifikisha Kampala, na baadaye Kigali, yana umri wa zaidi ya miaka ishirini na hayajazaa bomba. Kwa hiyo Eldoret dereva anapandisha lori lake kwenye mizani, anapakia, mafuta yanatiwa alama ya kemikali ili yakimwagwa kimagendo kwenye sheli ya Kenya bila kodi yagundulike, anafungiwa lakiri, anashukia Webuye na Bungoma hadi Malaba. Malaba kuna foleni. Siku njema ni ya saa chache; siku mbaya hupimwa kwa kilomita, na madereva hutandika mikeka chini ya malori yao, pembeni kukiwa na mama wa chapati na chai anayejua ratiba ya mpaka kuliko msemaji wa forodha.

Januari 2022 foleni hiyo ndiyo iliyowafundisha Waganda gharama ya kutegemea njia moja. Madereva waligoma kwa sababu ya vipimo vya Uviko vya kulipia mpakani. Malori yakasimama, na ndani ya siku chache kuna miji ya Uganda ambako lita ya petroli iliuzwa Sh10,000 za Uganda na zaidi, bei iliyopita mara mbili ya ile ya kawaida. Ilikuwa hivyo hivyo Januari 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, reli ikang'olewa Kibera, na Kampala, Kigali na Bujumbura zikabaki na sheli tupu. Hakuna serikali iliyokusudia kuidhuru nyingine katika visa hivyo viwili. Uganda iliumia tu kwa sababu iko mwisho wa barabara.

Kukusudia nako kuliwahi kutokea. Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu za magharibi ya Kenya kuwa za Uganda, na makuli wa bandari ya Mombasa wakagoma kugusa mizigo ya Uganda. Julai, baada ya makomando wa Israeli kuvamia Entebbe na ndege zao kupita Nairobi, uhusiano uliharibika vibaya. Mafuta ya Uganda yakabanwa, Kenya ikitaka kulipwa kwa fedha yake. Amin naye akatishia kuikatia Kenya umeme wa bwawa la Owen Falls, ambao Kenya ilikuwa ikiununua tangu enzi za ukoloni. Kila mmoja alikuwa ameshika kitu cha mwenzake. Leo mzani umeegemea upande mmoja zaidi, lakini kumbukumbu ya 1976 bado iko vichwani mwa wazee wa Kampala, na Museveni ni mmoja wao.

Mwaka 2023 hapakuwa na haja ya kufunga koki yoyote. Silaha ilikuwa fomu ya leseni. UNOC iliomba kuandikishwa Kenya kama mwagizaji, na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, ikarudi na masharti yake: mwombaji athibitishe mauzo ya lita milioni 6.6 kwa mwaka, awe na bohari, na awe na vituo vitano vya kuuzia mafuta vyenye leseni. Shirika la nchi jirani linalotaka tu kupitisha mafuta yake likaambiwa lionyeshe sheli tano ndani ya Kenya. Kisheria masharti hayo yalikuwapo kabla ya ugomvi, na afisa wa EPRA angeweza kukuangalia usoni na kusema hakumlenga mtu. Wakati huo huo kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu ya Machakos, na amri ikatolewa ya kuzuia UNOC isipewe leseni.

Hii ndiyo namna ya siku hizi. Ukizima bomba, dunia nzima inakuona, na mteja wako mwingine anaanza kutafuta njia nyingine. Ukichelewesha karatasi, unasema unafuata utaratibu. Mwisho wa Desemba 2023 Uganda ikaipeleka Kenya kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha, ikidai jirani yake amevunja Mkataba wa Jumuiya na wajibu wake kwa nchi isiyo na bahari. Ukweli ni kwamba sheria ya kimataifa inaipa nchi isiyo na bahari haki ya kupita, lakini masharti ya kupita huachiwa nchi mbili zikubaliane. Na haki ya kupita haisemi chochote kuhusu nani awe muuzaji wako. Uganda ilikuwa ikidai ya kwanza ili ipate ya pili.

Mahakama haikuwa ndiyo turufu ya Uganda. Turufu ilikuwa Tanzania. Januari 2024 maafisa wa Uganda walikuwa wakizungumza na Dar es Salaam kuhusu kupitisha mafuta kusini. Ukiangalia ramani utasema ni vitisho vitupu, maana kutoka Dar hadi Kampala ni mbali zaidi kwa mamia ya kilomita, na hakuna bomba la petroli wala dizeli la kukusogeza hata nusu ya safari. Lakini Nairobi haikuweza kucheka, kwa sababu ilishawahi kucheka ikajuta. Mwaka 2015 Kenya iliamini bomba la mafuta ghafi ya Hoima, magharibi mwa Uganda, litapita kwake hadi Lamu. Machi 2016 Waziri wa Nishati wa Kenya wakati huo, Charles Keter, alifika Tanga na ujumbe wake kwenda kuitazama bandari, wakazuiwa na pasipoti zao zikachukuliwa. Mwezi uliofuata Uganda ikatangaza kwamba bomba linakwenda Tanga. Leo ni EACOP, Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, kilomita 1,443 hadi Chongoleani karibu na Tanga, na Kenya haimo. Mtu aliyewahi kukuacha mara moja, akisema anaondoka tena, unamsikiliza.

Kwa hiyo Kenya ikalegeza. Machi 2024 UNOC ikapata leseni yake. Mei, Museveni alipofanya ziara ya kitaifa Nairobi, makubaliano yakatiwa saini Ikulu, na Julai 2024 shehena ya kwanza ya UNOC na Vitol ikashushwa Mombasa. Bomba lile lile, Eldoret ile ile, Malaba ile ile. Kilichobadilika ni jina la mwenye mzigo kwenye karatasi za bandari.

Sasa tufanye hesabu ambayo, kwa maoni yangu, ilipaswa kufanywa Novemba 2023 kabla ya kelele. Tuchukue namba za Museveni kama zilivyo. Petroli: 97.5 toa 61.5, zinabaki dola 36 kwa tani. Tani moja ya petroli ni kama lita 1,340. Dola 36 ukizigawa kwa lita hizo unapata senti 2.7 za Marekani. Kwa dola ya wakati ule, iliyokuwa ikibadilishwa kwa kama Sh3,750 za Uganda, hiyo ni takriban Sh100 kwa lita. Dizeli inakaribia hapo hapo, kama Sh110. Hayo ndiyo yote ambayo dalali wa Kenya alikuwa akimla Mganda kwenye pampu, kwa madai ya Rais mwenyewe, kwenye lita iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya Sh5,000.

Na tarehe 1 Julai 2024, mwezi ule ule ambao shehena ya kwanza ya UNOC ilifika, ushuru wa bidhaa nchini Uganda ulipanda. Petroli ilitoka Sh1,450 ikawa Sh1,550 kwa lita. Dizeli ilitoka Sh1,130 ikawa Sh1,230. Nyongeza ya Sh100 kamili.

Sisemi kwamba walikaa wakapanga ilingane. Serikali ilihitaji fedha ikapandisha kodi, kama serikali zote. Lakini mwendesha boda boda wa Kawempe, Kampala, aliyeahidiwa nafuu ya kuondolewa kwa dalali, nafuu yake ililiwa na hazina kabla haijamfikia. Akiuliza, ataambiwa bei ingekuwa juu zaidi. Pengine ni kweli, lakini hiyo siyo ahadi aliyopewa.

Tena, dalali ameondoka kweli? Katikati ya refinari (kiwanda cha kusafisha mafuta) ya Ghuba na sheli ya Kampala sasa kuna Vitol, halafu UNOC. Vitol haikushinda zabuni ya wazi, ilichaguliwa. Ni mojawapo ya makampuni makubwa ya biashara ya mafuta duniani, ina meli na mtaji ambao UNOC haina, na kwa upande huo uchaguzi unaeleweka. Lakini Vitol hiyo hiyo, tangu 2022, ndiyo mwenye Vivo Energy, inayoendesha vituo vya Shell nchini Uganda na Kenya. Muuzaji pekee wa jumla ana undugu na mmoja wa wauzaji wakubwa wa rejareja, na wauzaji wengine wote wa Uganda sasa wanategemea bidhaa inayoanzia kwake. Isitoshe, Desemba 2020 tawi lake la Marekani lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 135 kumaliza kesi ya hongo iliyohusu maafisa wa Brazil, Ecuador na Mexico. Wabunge wa Kampala walikuwa na sababu za kuuliza maswali zaidi ya waliyouliza.

Wenzetu wa Ulaya Mashariki wameipitia njia hii, na kwao ilikuwa kali zaidi. Januari 2006 Urusi iliifungia Ukraine gesi kwa siku chache kwa sababu ya bei. Suluhu iliyopatikana ilimweka katikati dalali aliyesajiliwa Uswisi, RosUkrEnergo, ambaye nusu yake ilikuwa mali ya Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi. Wanasiasa wa Kyiv wakatumia miaka mitatu kupigana juu ya dalali huyo. Januari 2009 gesi ikafungwa tena, safari hii kwa wiki mbili, Bulgaria na Slovakia zikatetemeka kwa baridi, na ikamalizwa kwa mkataba wa moja kwa moja uliomwondoa. Waziri Mkuu Yulia Tymoshenko alijivunia hilo. Bei iliyofungwa ndani ya mkataba ule ikaja kuwa mzigo mkubwa kwa Ukraine, na mwaka 2011 Tymoshenko alihukumiwa kifungo kwa sababu yake, katika kesi ambayo nchi za Magharibi ziliiona ya kisiasa. Dalali aliondoka, bei ikapanda.

Kuna sababu kwa nini viongozi hupenda vita dhidi ya dalali. Dalali ana sura, anaweza kutukanwa, na akiwa mgeni ni bora zaidi. Matangi ya akiba hayana sura. Uganda ina matangi ya Jinja yenye uwezo wa kubeba lita milioni 30. Nchi inatumia kama lita milioni 6 hadi 7 kwa siku. Yakijazwa hadi juu, ni akiba ya siku nne au tano, na kwa vipindi virefu hayakuwa yamejazwa. Ule mgomo wa Malaba wa 2022 ulidumu muda wa kutosha kuyakausha. Ukilinganisha Sh100 za dalali na Sh5,000 zilizoongezeka kwenye lita wakati wa mgomo, unaona wapi fedha na akili zilipaswa kupelekwa kwanza. Vitol iliahidi kuweka akiba ndani ya Uganda na Tanzania. Hicho ndicho kipengele cha mkataba wake ambacho ningekifuatilia mwezi baada ya mwezi, kuliko nyongeza ya dola kwa tani.

Kenya nayo haikutoka bila kujifunza. Shirika la Fedha la Kimataifa liliandika Januari 2024 kwamba Nairobi imekusudia kuachana na mpango wa Ghuba kwa sababu unavuruga soko la fedha za kigeni. Kinyume chake, mpango umeongezewa muda hadi 2028. Lakini nyongeza ya dizeli iliyokuwa dola 118 ilishushwa hatua kwa hatua hadi 78 mwaka 2025, na ya petroli ikafika 84. Mwaka huo dizeli ya Mkenya ilikuwa na nyongeza ndogo kuliko ile dola 83 aliyoitolea mfano Museveni. Inaonekana kelele za jirani ziliwasaidia Wakenya kujadiliana na Ghuba kuliko bunge lao lilivyowasaidia.

Maneno makali hayajaisha. Novemba 2025 Museveni alizungumza redioni kuhusu Bahari ya Hindi kama haki yake, na kuonya kwamba siku za mbele vita vitatokea juu ya jambo hilo. Muda si mrefu baadaye yeye na Ruto walikuwa pamoja Tororo, mashariki mwa Uganda, wakizindua ujenzi wa kiwanda cha chuma na kuzungumzia bomba kufika Kampala. Uganda pia ilionyesha nia ya kununua hisa za Kampuni ya Bomba la Kenya. Hilo la hisa ndilo la maana kuliko hotuba zote, kwa sababu mwenye hisa anakaa kwenye bodi, anaona tozo zinavyopangwa, na hahitaji kwenda Arusha.

Mtihani unaofuata utakuja kutoka Hoima. Machi 2025 Uganda ilitia saini na kampuni ya Alpha MBM ya Dubai kujenga refinari ya mapipa 60,000 kwa siku, UNOC ikishika asilimia 40. Ikijengwa kweli, Uganda itakuwa na petroli na dizeli ya kuuza nje, na soko la karibu ni magharibi ya Kenya: Kisumu iko karibu na Kampala kuliko Mombasa kwa mamia ya kilomita. Wakati huo UNOC itarudi EPRA kuomba leseni ya kuuza ndani ya Kenya, na makampuni ya Nairobi yanayoishi kwa mafuta ya Mombasa yatamkumbusha mdhibiti kuhusu bohari, lita milioni 6.6 na vituo vitano.